Robota moja la mabua linakula shilingi ngapi? Namna ya kupiga hesabu ya trekta na mashine zake

Kuanzia Julai, ukisimama kwenye barabara inayopanda Machame au Kibosho, mkoani Kilimanjaro, utaona Canter zimejaza mabua ya mahindi hadi juu ya bodi. Yanatoka mashamba ya tambarare kwenda kwa ng'ombe wa ndani huko mlimani, ambako kihamba (shamba la nyumbani) kimejaa migomba na kahawa na hakuna pa kulimia majani ya kutosha. Biashara hiyo ni ya siku nyingi, na miaka yote mabua yalikatwa kwa panga na kubebwa kwa mafungu. Siku hizi kuna mwenye trekta anayefyeka, anakusanya kwa reki na kufunga marobota, yaani mafungu yaliyoshindiliwa na mashine na kufungwa kamba. Mimi ni mmoja wao.

Msimu wangu wa kwanza nilitoza 80,000 kwa eka. Jioni natoa hela ya dizeli, ya dereva na ya kamba, inayobaki naiita faida. Mwezi Agosti sehemu ya mashine ya marobota inayopiga fundo ikavunjika. Tulikaa wiki tatu tukisubiri spea, na spea ilipofika bei yake ilimeza "faida" ya mwezi mzima na bado nikakopa laki mbili. Siku ile ndipo nilipokaa chini na daftari. Hesabu ninayoiandika hapa ndiyo niliyoifanya, nikairekebisha kwa misimu iliyofuata. Bei zote ni za mfano, weka za kwako. Unachotakiwa kukishika ni mwendo wa hesabu.

Mfano wenyewe: trekta la farasi 75 lililonunuliwa likiwa limetumika kwa milioni 45, slasha (mashine ya kufyekea) ya mita 1.5, reki, na mashine ya kufunga marobota madogo ya mstatili. Slasha na reki zimegharimu milioni 8 kwa pamoja. Mashine ya marobota, nayo mtumba, milioni 18.

Hatua ya 1: Eka moja inakula saa ngapi

Watu wengi huanza na dizeli. Anza na saa, kwa sababu kila kitu kingine kinapimwa kwa saa: mafuta, oili, spea, hata uchakavu. Kanuni ni fupi:

mwendo (kilomita kwa saa) × upana wa kazi (mita) × ufanisi ÷ 4 = eka kwa saa

Tunagawa kwa 4 kwa sababu kilomita moja kwa upana wa mita moja ni mita za mraba 1,000, na eka ni mita za mraba 4,047. Ufanisi ni sehemu ya muda ambao mashine inafanya kazi kweli. Ukitoa kugeuza pembeni, kuzibua, kufunga bolti na kunywa maji, slasha hubaki na 0.75 hivi, reki 0.8. Mashine ya marobota mimi naipa 0.65, kwa sababu mabua ya mahindi ni magumu kuliko nyasi na yanakwama.

Slasha: 5 × 1.5 × 0.75 ÷ 4 = eka 1.41 kwa saa, yaani saa 0.71 kwa eka.
Reki ya mita 3: 6 × 3 × 0.8 ÷ 4 = eka 3.6 kwa saa, yaani saa 0.28 kwa eka.
Marobota, ikipita kwenye mistari iliyokusanywa kutoka upana wa mita 3: 4 × 3 × 0.65 ÷ 4 = eka 1.95 kwa saa, yaani saa 0.51 kwa eka.

Jumla ni saa 1.5 za trekta kwa kila eka. Namba hiyo iandike kwa wino mzito.

Hapa kuna mtego. Eka ya mkulima ni hatua 70 kwa 70. Mwenye shamba akiwa mrefu na hatua zake zikafika mita nzima, hiyo ni mita za mraba 4,900, eka moja na asilimia 21 juu. Unalipwa eka moja, unafyeka eka na robo kasoro kidogo. Kama unatoza kwa eka, pima kwa futi kamba au kwa programu ya simu, na upime naye mkiwa pamoja, mapema, kabla trekta halijawashwa. Ukipima baadaye unaonekana mwizi.

Hatua ya 2: Dizeli, kwa kupima na si kwa kuambiwa

Simamisha trekta mahali palipo sawa kabisa. Jaza tangi hadi juu kwenye shingo, subiri povu lishuke, ongeza tena. Andika saa inayosomeka kwenye mita ya injini. Fanya kazi ya aina moja tu, kufyeka peke yake kwa mfano, angalau saa tatu. Rudisha trekta mahali pale pale, likitazama upande ule ule, ujaze tena kwa kidumu chenye alama za lita. Lita ulizoongeza gawa kwa saa. Ukibadilisha mahali, tangi likiinama hata kidogo namba inakudanganya.

Nilifanya hivyo baada ya dereva kuniambia, "Bosi, hili trekta linakunywa sana, leo lita sitini." Siku iliyofuata nikaenda mwenyewe na kidumu changu. Kazi ile ile, lita 38. Hatukugombana, tokea siku hiyo tunajaza pamoja.

Kwangu zilitoka hivi: kufyeka lita 7 kwa saa, reki 4, marobota 6. Kama huna muda wa kupima, wahandisi wa kilimo wa Marekani (ASABE) wana kanuni ya wastani: lita 0.17 kwa saa kwa kila nguvu ya farasi inayofika kwenye PTO, ile shafti ya trekta inayozungusha mashine. Trekta la farasi 75 hutoa kama 65 kwenye PTO, kwa hiyo lita 11. Huo ni wastani wa kazi zote za mwaka, zikiwemo nzito, na kazi ya mabua ni nyepesi kuliko kulima. Ukipata 11 kwenye reki, una injini mbovu au una mtu anayeuza mafuta.

Kwa eka: 0.71 × 7, kuongeza 0.28 × 4, kuongeza 0.51 × 6, inakuja lita 9.2. Kwa dizeli ya 3,000 ni 27,600. Bei kikomo ya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta, hutoka kila mwezi na hutofautiana wilaya kwa wilaya, hivyo tumia ya kwenu. Oili, grisi na filta hesabu asilimia 15 ya dizeli: 4,100.

Hatua ya 3: Watu na kamba

Huwezi kufunga marobota alfajiri. Umande ukiwa bado kwenye mabua, robota linavunda ndani na mnunuzi anakurudishia likiwa na ukungu mweupe. Tunaanza saa nne asubuhi, tunaacha saa kumi na moja jioni. Ukitoa chakula na matengenezo, injini inafanya kazi saa 6, yaani eka 4 kwa siku. Dereva 30,000, utingo 15,000, chakula cha wote 10,000. Jumla 55,000 kwa eka 4 ni 13,750 kwa eka.

Kamba wengi huikadiria kwa macho. Pima. Robota la sentimita 90 kwa urefu na 36 kwa kimo linazungushwa kamba mbili, kila moja kama mita 2.6 pamoja na fundo, kwa hiyo mita 5.2 kwa robota. Roli la mita 1,300 linatoa marobota 250. Roli likiwa 40,000, kila robota linabeba shilingi 160 za kamba.

Natumia kamba ya mkonge, ingawa ya plastiki hukatika mara chache. Kamba hizi za kufungia nafaka na nyasi ndizo zilizokuwa soko kubwa la mkonge wa Tanganyika kabla ya plastiki kuingia, na leo roli linanifikia kama kitu cha anasa. Lakini wateja wangu ni akina mama wenye ng'ombe mmoja au wawili. Kipande cha plastiki kikibaki kwenye hori, ng'ombe anakila, na kikishaingia tumboni hakitoki.

Hatua ya 4: Matengenezo, mahali hela inapopotelea

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Matengenezo hayaji kwa mstari ulionyooka. Kwa trekta la kuendesha magurudumu mawili, ASABE wanakadiria jumla ya matengenezo hivi: chukua saa zote ambazo trekta limefanya kazi, gawa kwa 1,000, jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha zidisha kwa 0.007 ya bei ya trekta jipya. Saa 1,000 za mwanzo zinakula asilimia 0.7 tu ya bei. Kutoka saa 4,000 kwenda 5,000 zinakula asilimia 6.3. Kutoka 9,000 kwenda 10,000 ni asilimia 13.3. Ndiyo maana aliyekuuzia mtumba alikwambia "halisumbui": kwake kweli halikusumbua.

Zingatia: ni bei ya jipya, si uliyonunulia wewe. Spea haijui kwamba ulipata trekta kwa bei ya kutupa. Trekta jipya la aina hiyo likiwa milioni 80, na lako liko kati ya saa 4,000 na 5,000, ni milioni 5.04 kwa saa 1,000, yaani 5,040 kwa saa.

Sasa angalia mashine ya marobota. Trekta linahesabiwa maisha ya saa 12,000. Mashine ndogo ya marobota saa 2,000, na katika saa hizo itakula matengenezo ya asilimia 80 ya bei yake mpya. Asilimia 23 inaliwa katika saa 1,000 za kwanza, 57 katika za pili. Mtumba uko kwenye nusu ya pili. Mpya ikiwa milioni 30, asilimia 57 ni milioni 17.1, yaani 17,100 kwa saa. Mashine isiyo na injini inakula spea mara tatu ya trekta linaloivuta! Lakini ukiifungua utaelewa: meno ya kuokotea, pistoni inayogonga, visu, sindano zinazovusha kamba, vidole vya kupiga fundo, vyote vinakwenda kwa kupishana nukta, kwenye vumbi.

Slasha nayo hula sana kwa umri wake, asilimia 175 ya bei katika saa 2,000. Ikiwa milioni 4 ni 3,500 kwa saa. Reki ni 1,000 hivi. Kwa eka:

trekta 1.5 × 5,040 = 7,560
marobota 0.51 × 17,100 = 8,720
slasha 0.71 × 3,500 = 2,485
reki 0.28 × 1,000 = 280

Jumla 19,000 ukiondoa chenji. Hela hii usiiache mfukoni. Kila jioni itume kwenye laini nyingine ya simu, hata kama leo hakuna kilichovunjika. Hasa kama leo hakuna kilichovunjika.

Neno moja kuhusu bolti ya usalama. Kwenye gurudumu kubwa la mashine ya marobota kuna bolti iliyowekwa makusudi ikatike mzigo ukizidi. Mabua manene yanaikata mara kwa mara, na kila ikikatika unapoteza dakika 10 hadi 20. Utingo wangu mmoja alichoka kubadilisha, akachomeka kipande cha nondo. Tulikwenda eka mbili bila kusimama, akasifiwa. Eka ya tatu kisiki kiliingia, nondo haikukatika, kikakatika kingine. Bei ya bolti ni ya soda. Weka ishirini kwenye kisanduku cha trekta, za ugumu unaotakiwa, na mwendo ukipungua punguza mzigo badala ya kuimarisha bolti.

Hatua ya 5: Gharama inayokwenda hata mashine ikiwa imelala

Trekta la milioni 45, tuseme baada ya miaka 9 utaliuza milioni 18. Uchakavu ni milioni 3 kwa mwaka. Kuna na riba: thamani ya wastani ni (45 + 18) ÷ 2 = milioni 31.5, kwa asilimia 12 ni milioni 3.78. Usiseme "hela ilikuwa yangu, sijakopa." Ungeiweka kwenye hati fungani za serikali ingekuletea kitu, na ukiwa hapo usingepigiwa simu usiku kwamba gurudumu limepasuka. Banda, bima na ulinzi, asilimia 2 ya thamani hiyo ya wastani, 630,000. Jumla milioni 7.41 kwa mwaka.

Trekta langu linalima, linapiga haro, linavuta tela. Mwaka mzima saa 600. Kwa hiyo 12,350 kwa saa, na kazi ya mabua inabeba 1.5 × 12,350 = 18,525 kwa eka. Lako likifanya saa 300 tu, zidisha mara mbili.

Mashine za mabua hazina kazi nyingine ya kuzibebea mzigo. Ya marobota: milioni 18, miaka 6, itauzwa milioni 6. Uchakavu milioni 2, riba milioni 1.44, banda na mengineyo 240,000. Jumla milioni 3.68. Slasha na reki kwa njia hiyo hiyo, zikiuzwa milioni 2 baada ya miaka 6: milioni 1.7. Pamoja ni milioni 5.38 kila mwaka, hata usipofunga robota hata moja.

Hatua ya 6: Unganisha, kisha gawa kwa marobota

Gharama zinazotembea na kazi, kwa eka:

dizeli 27,600
oili na grisi 4,100
watu 13,750
kamba 6,400
matengenezo 19,000
jumla 70,850

Ongeza 18,525 ya trekta: 89,375. Halafu ile milioni 5.38 igawe kwa eka utakazofanya kwa mwaka. Ukifanya eka 50, kila eka inabeba 107,600. Eka 100, 53,800. Eka 200, 26,900.

Marobota ni mangapi? Mahindi yanatoa mabua yenye uzito unaokaribiana na wa punje. Shamba la gunia 12 za kilo 100 lina kama kilo 1,200 za mabua makavu. Mashine inaokota nusu; nyingine ni visiki, vumbi na majani yaliyopukutika. Kilo 600 ni marobota 40 ya kilo 15.

Kwa hiyo robota moja linakugharimu 4,924 ukifanya eka 50, 3,579 ukifanya 100, na 2,907 ukifanya 200. Kamba nazo tumezihesabia marobota 40: 40 × 160 ndiyo 6,400 iliyo hapo juu.

Sasa jaribu shamba la gunia 6. Trekta linapita eneo lile lile kwa saa zile zile, linaokota marobota 20. Unaokoa kamba tu, 3,200. Inabaki 86,175 kwa marobota 20, yaani 4,309 kila moja kabla hujagusa ile milioni 5.38. Kama bei ya robota shambani ni 4,000, umemlipa mwenye shamba ili umsafishie. Ndiyo maana siku hizi sitoi bei kwa simu. Naenda, natembea katikati ya shamba na si pembeni mwa barabara, naangalia unene wa bua, nauliza alivuna gunia ngapi, halafu naangalia kama ng'ombe wa wafugaji wameshapita. Wakishapita kuna visiki na samadi tu.

Ukiuza 4,000 na ukamlipa mwenye shamba 20,000 kwa eka ya mabua, kila eka inakuachia 160,000 − 20,000 − 89,375 = 50,625. Gawa milioni 5.38 kwa hiyo: eka 106 ndipo unapoanza kupata. Kwa eka 4 kwa siku ni siku 27 za kazi kamili, na zote zinatakiwa ziingie kati ya kuvuna na mvua za vuli. Zinaingia, ila huna nafasi ya kusubiri spea wiki tatu.

Hatua ya 7: Safari

Hii sikuiona hadi msimu wa pili. Trekta linavuta kifaa kimoja kwa wakati. Slasha inapelekwa, trekta linarudi kuchukua reki, linarudi tena kuchukua mashine ya marobota. Shamba likiwa kilomita 10 na mwendo wa barabarani kilomita 20 kwa saa, kila mzunguko ni saa moja, mizunguko mitatu ni saa tatu. Saa ya barabarani kwangu ni 38,000 (dizeli lita 6, oili, matengenezo, uchakavu wa trekta). Hiyo ni 114,000. Kazi ikiwa ya eka 4, umeongeza 28,500 kwa eka, zaidi ya dizeli yote ya shambani.

Dawa yake ni kukusanya wakulima wa kitongoji kimoja hadi zitimie eka 15 au 20 ndipo uende, uache vifaa huko huko, umlipe mlinzi 5,000 kwa usiku. Asiyeweza kusubiri wenzake anachangia safari, na umwambie kabla.

Hatua ya 8: Kinachoondoka na mabua

Kama unafunga mabua ya shamba lako mwenyewe, kuna gharama ambayo haionekani kwenye kituo cha mafuta. Tani moja ya mabua ya mahindi inabeba kama kilo 7 za nitrojeni na kilo 12 au zaidi za potasiamu. Kilo zako 600 zinaondoka na nitrojeni kilo 4.2, ambayo ni sawa na kilo 9 za urea. Urea ikiwa 75,000 mfuko wa kilo 50, ni 13,700 kwa eka, au 340 kwa kila robota, na potasiamu hatujaigusa. Samadi itakayotokana na mabua hayo inabaki kihambani kwa mwenye ng'ombe, hairudi tambarare. Kila Canter inayopanda mlima na mabua inapandisha na rutuba.

Kwa hiyo linganisha na kufyeka tu na kuacha yafunike ardhi. Saa 0.71 kwa eka: dizeli 14,900, oili 2,200, matengenezo 6,100, dereva na chakula chake 4,100, trekta 8,800. Ni 36,000 hivi, kabla ya uchakavu wa slasha yenyewe. Shamba lenye mteremko au linalopasuka kwa jua, mimi naliacha hivyo, au nafunga mistari miwili na kuacha mmoja. Wakulima wa kilimo hifadhi hulenga angalau theluthi ya ardhi ibaki imefunikwa, na hiyo nusu ambayo mashine haiokoti ukiiacha bila kuchoma inasaidia.

Ununue au ukodi?

Jirani mwenye mashine akikubali kukufyekea, kukusanya na kufunga kwa 3,000 kwa robota, wewe mwenyewe (bila milioni 5.38) ungetumia 89,375 ÷ 40 = 2,234. Kwa kumiliki unaokoa 766 kwa robota, 30,625 kwa eka. Milioni 5.38 inarudi kwenye eka 176. Chini ya hapo kodi, na hela ya mashine nunua ng'ombe. Mwenye ng'ombe wawili hahitaji hata mazungumzo haya; mashine ndogo ya kukatakata majani nyumbani inamtosha, kwa sababu ng'ombe anabagua bua zima na kula bua lililokatwa.

Hesabu irudie kila mwanzo wa msimu, na uanze na daftari la mwaka jana badala ya kanuni za ASABE. Matengenezo yako halisi yakishafika misimu mitatu yana ukweli zaidi. Wanaonipigia kila bei ya mafuta ikipanda wakiuliza kama na mimi nitapandisha, huwajibu kwa namba hizi: dizeli ikiongezeka shilingi 100 kwa lita, robota linaongezeka shilingi 26, pamoja na ile asilimia 15 ya oili. Nikipoteza nusu ya eka zangu 100 kwa sababu mashine ilikuwa gereji mwezi wa nane, linaongezeka 1,345.